Ukuta Niliouzeesha kwa Siku Mbili

Ghati mwanangu,

Salamu tutapeana jioni ukirudi kutoka kwa bibi yako, kwa hiyo hapa nazipita. Ni saa tisa mchana. Nimekaa sebuleni, vumbi la matofali limenijaa mpaka kwenye kope, na nyundo kubwa iko chini miguuni pangu. Ukiingia utaona nilichofanya kabla hujasoma mstari wowote, ndiyo maana naandika mbio mbio, nisije nikajikuta nakueleza kwa mdomo. Kwa mdomo mimi ni mwongo hodari. Kwa kalamu bado sijazoea.

Mambo ya chandarua, sabuni na kutoazimisha viatu bwenini atakuambia shangazi yako, yeye hiyo ndiyo raha yake. Kesho alfajiri bodaboda itakupeleka Mugumu, hapo utapanda basi la Musoma, na kuanzia hapo wewe ni wa chuo cha uuguzi. Miaka saba nimekuwa nikingoja siku nzuri ya kukuambia haya. Haikuja. Sasa nayafanya siku ya mwisho, kama mwanafunzi anayekumbuka kazi ya likizo jioni ya kufungua shule.

Nimebomoa ukuta wa sebuleni, ule wenye kalenda.

Unaujua ulivyotokea. Ulikuwa na miaka kumi na mmoja, uliniona na mwiko mkononi, hukuuliza. Lakini yapo usiyoyajua, na yapo unayoyajua kwa sababu nilikuambia mimi, na hayo ndiyo mabaya zaidi.

Nianzie mbali kidogo. Unajua mimi ni fundi ujenzi. Usichojua ni ujenzi gani ulionilisha miaka ile nilipokuwa upande wa Nyakunguru, narudi nyumbani Issenye mara moja kwa miezi miwili na mfuko wa pipi. Kule jirani na mgodi watu walikuwa wakitegesha. Mtu akisikia kwamba eneo lake litachukuliwa, anajenga haraka haraka nyumba ambayo hakuna mtu atakayelala ndani yake, ili mthamini akija aikute, aiandike, na fidia itoke. Nyumba inakuwa mtego, na mthamini ndiye kanga anayengojwa. Nimejenga nyingi za namna hiyo. Mchanga mwingi, sementi ya kunusa, mabati yaliyoshikwa na misumari michache. Kama kungekuwa na upepo wa kweli zingelala zote.

Tatizo likawa tarehe. Ikatangazwa kwamba nyumba iliyojengwa baada ya siku fulani haithaminiwi. Hapo ndipo nikawa fundi mwenye jina, kwa sababu niliweza kuuzeesha ukuta. Unachanganya kinyesi cha ng'ombe, majivu na maji ya udongo, unarusha kwa ufagio wa chelewa. Unawasha mabua karibu nao upate masizi. Unasugua kwa gunzi pale ambapo mabega ya watu yangepita. Mwisho unapigilia msumari wenye kutu na kutundika kalenda ya miaka mitatu nyuma. Hiyo kalenda ndiyo muhuri wenyewe. Ukuta wa juzi unakuwa umemuona babu yako akiwa kijana.

"Mura, kijana wetu, nizeeshee na choo," waliniambia wazee, na tulicheka sana. Sikuona anayeumia. Mgodi ni mgodi, nilisema, hauna mama wala watoto. Sikujua kwamba mkono ukishazoea kazi hauulizi tena unaifanya kwa nani.

Kule kule Nyakunguru nilikuwa na mwanamke mwingine. Nitaliandika hilo mara moja tu, kwa sababu umelisikia kwa majirani na hukupata kulisikia kwangu. Sikulazimishwa, sikurogwa, mama yako hakunikosea kitu. Nilikuwa na hela mfukoni na mke wangu alikuwa mbali, nikaona hiyo inatosha kuwa sababu. Kazi ilipokwisha, yule naye akaisha.

Wakati mimi nazeesha kuta za watu, mama yako alikuwa anajenga. Vyumba viwili vya mbele nilivijenga mimi tulipooana, ni kweli. Vile viwili vya nyuma ni vyake. Alilima pamba misimu mitatu, akafyatua matofali mwenyewe kule bondeni, akachota maji kwa kichwa, akayachoma. Halafu akatafuta fundi. Fikiria hilo, mwanangu. Mke wa fundi akaajiri fundi, tena mwanafunzi wangu niliyemwachisha kazi kwa uzembe, maana mwenye mwiko yuko Nyakunguru anajengea panya. Baba yako mdogo Chacha alikuja mara mbili kukaa kivulini na kusema "hapo weka sawa." Huo ndio ulikuwa mchango wake wote.

Niliporudi nikakuta vyumba vimeezekwa na mlango umetobolewa kutoka sebuleni kwenda nyuma, na fremu ya mbao nzuri ambayo sijui hata aliipata wapi. Mama yako alisimama pale mlangoni, kitenge kimejaa vumbi, anangoja niseme neno. Nikachukua pimamaji, nikaiweka ukutani, nikasema, "Umepinda." Ulikuwa umepinda kweli, kwa upana wa kidole. Lakini hiyo ndiyo ilikuwa siku ya kusema umenyooka. Ningeisema ile siku, labda leo nisingekuwa naandika barua hii. Mimi nilihifadhi ukweli wangu wote kwa ajili ya siku ambayo haukuhitajika.

Alipopata habari za Nyakunguru hakupiga kelele. Alikwenda baraza la kata, akarudi, akaenda tena, halafu akaenda mahakamani kuomba talaka na mgawo wa nyumba. Mgawo ndio ulionikasirisha. Talaka ningeweza kuibeba. Chacha alikuja jioni ile na hasira kubwa kuliko yangu, akakaa hapa hapa nilipokaa.

"Mwanamke tumemtolea ng'ombe," alisema, "halafu agawiwe na nyumba? Tangu lini?"

"Sheria inasema hivyo," nikamwambia.

"Sheria inagawa kilichopo. Wewe si fundi? Fanya kiwe kidogo."

Hayo ndiyo maneno. Sijayaongeza wala sijayapunguza. Ningependa kukuambia kwamba nilibishana naye. Nilimuuliza tu mthamini anakuja lini.

Mahakama ilikuwa imeagiza nyumba ithaminiwe. Mama yako alikuwa amehamia kwa mjomba wako wakati kesi inaendelea, wewe ukabaki na mimi kwa sababu ya shule. Nilikuwa na siku mbili. Siku ya kwanza niling'oa mlango ule wa sebuleni, nikauficha kwa Chacha. Fremu niliiacha ndani kwa sababu ilikuwa imeshikwa vizuri kuliko nilivyotegemea, nikaijengea matofali mbele na nyuma, nikapiga plasta. Nikatoboa mlango mwingine kule nyuma, wa kutokea nje. Siku ya pili nikauzeesha. Kinyesi, majivu, udongo, mabua, gunzi, msumari. Kalenda niliikuta chini ya godoro, ilikuwa na picha ya ndege. Nilisimama nikautazama ukuta wangu, na Mungu anisamehe, nilijisifu. Sijapata kufanya kazi safi kama ile. Nyumba moja ya vyumba vinne ikawa nyumba mbili za vyumba viwili viwili, na hii ya nyuma tukasema ni ya Chacha, kaijenga mwenyewe kwenye kiwanja cha kaka yake.

Jioni ile ulikuwa unachambua dagaa uani. Nilichuchumaa karibu yako, nikakuambia kesho anakuja mgeni, na akikuuliza vyumba vya nyuma ni vya nani, useme vya baba mdogo. Uliniuliza, "Kwani ni vya baba mdogo?" Nikasema, "Tunasema hivyo." Nikakukaririsha mara mbili. Maneno matatu tu. Ukayarudia bila kunitazama, mikono yako ikiendelea na dagaa. Ulikuwa mtoto mtiifu. Nililijua hilo na nikalitumia.

Siku iliyofuata unaikumbuka vizuri kuliko mimi. Lakini wacha niiandike, ili ujue kwamba na mimi naikumbuka, si kwamba wewe ndiye peke yako unayeibeba.

Mthamini alikuwa kijana mpole, si mtu wa huku, shikamoo yake ilikuwa ya haraka kama mtu anayeogopa kuchelewa. Alipima kwa futi, akaandika mabati, sakafu, madirisha. Mama yako alikuja na bodaboda, akasimama mbali kidogo na mimi. Walipoingia sebuleni alisimama ghafla.

"Hapa palikuwa na mlango," alisema.

Yule kijana akagonga ukuta kwa kiungo cha kidole. Akatazama masizi. Akainua ukurasa wa kalenda, akasoma mwaka. "Mama, huu ukuta ni wa siku nyingi."

Mama yako alinigeukia mimi. "Kazi nzuri," alisema. "Hata haujapinda."

Basi yule kijana akaona ameingia katikati ya watu wawili wasioelewana, akatafuta wa tatu. Akakuona wewe umesimama na ndoo. Akachuchumaa, kama nilivyochuchumaa mimi, akatabasamu. "Hebu tumuulize binti," alisema. "Watoto hawadanganyi. Eti mdogo wangu, vile vyumba vya nyuma ni vya nani?"

Ukasema. Maneno matatu, kwa sauti safi, kama unajibu swali darasani. Akaandika.

Mimi nilikuwa namtazama mama yako. Nilitaka nione akishindwa, sina namna nyingine ya kulisema. Hakukutazama kwa hasira. Alikutazama kama anavyokutazama ukiwa na homa. Halafu akachukua ile ndoo mkononi mwako, akaiweka chini, maana ilikuwa nzito na wewe ulikuwa umesahau kuiweka.

Sasa lile usilolijua.

Ripoti iliposomwa, nyumba ikawa ya vyumba viwili. Tulitolewa nje tungoje kuitwa tena. Mama yako alikaa kwenye benchi la barazani na yule dada wa msaada wa sheria aliyekuwa akimsindikiza, mimi nimesimama nyuma ya nguzo, hawakuniona. Yule dada alimwambia, "Pinga. Muombe hakimu mtoto aitwe. Akiulizwa vizuri, taratibu, atasema kweli, na uongo wote utaanguka. Una nyumba yako nzima hapa."

Mama yako akasema, "Aitwe aje asimame mbele ya watu wazima aambiwe ni mwongo? Mwanangu? Hapana. Waandike viwili."

"Utapoteza vyumba ulivyojenga."

"Vitakuwa vimepotea."

Alipoulizwa ndani kama ana pingamizi alisema hana. Nilisikia, na nilifurahi, Ghati. Nataka ulijue hilo pamoja na mengine. Nilitoka pale nikampigia simu Chacha, tukacheka. Mama yako akalipwa sehemu yake ya vile vyumba viwili vya mbele, akapakia cherehani kwenye pikipiki, akaenda Mugumu.

Na wewe uliponiuliza usiku wa siku ile kama mama alisema chochote, nilikujibu, "Hakupinga. Ameridhika." Hakuna neno la uongo hapo, ukitaka kulipima kwa futi. Ni kweli hakupinga. Nilijua utaelewa kwamba ama hakuona nyumba ni kitu, ama hakuona wewe ni kitu, na nikakuacha uelewe hivyo. Uongo ule wa kwanza nilikufundisha useme wewe, lakini huu niliusema mwenyewe, na huu wa maneno ya kweli ndio uliofanya kazi zaidi.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Mimi yangu imechukua miaka saba na ilikuwa inazunguka nje. Kila siku nimekuona ukitoka sebuleni, ukifungua mlango wa mbele, ukipita kwenye kona ya jiko, ukiingia chumbani kwako kwa nyuma. Kwenye mvua unaweka sufuria kichwani. Mwaka ule ulipougua malaria nilikubeba kuzunguka nyumba mara nne usiku mmoja, kutoka kitandani kwako mpaka kwenye taa, wakati kitanda chako kiko hatua nane kutoka hapa nilipokaa. Ningeweza kuubomoa. Nyundo ninayo, ufundi ninao. Niliogopa jirani atauliza, na niliogopa kwamba wewe hutauliza.

Kitu kingine. Mwaka jana nilikwenda Mugumu bila kukuambia, nilikuwa natafuta misumari. Nikakuona sokoni. Mama yako ana cherehani yake kwenye kibaraza cha Mzee Hamisi, muuza vitambaa, unapajua. Ulikuwa unakuja upande huo moja kwa moja. Ulipokaribia ukakata kona, ukapita nyuma ya mabucha, kwenye matope, ukatokea upande wa pili. Ulizunguka vile vile unavyozunguka nyumba hii. Nilisimama na misumari yangu nikaelewa kwamba nilichojenga kile si ukuta wa sebuleni tu. Nilikuwa nikifikiri unamkwepa kwa sababu umemkasirikia. Kumbe unaona haya. Haya hiyo si yako, ni yangu, nilikubebesha ukiwa na miaka kumi na mmoja na ulikuwa mtiifu mno kuitua.

Sasa wacha nikuchekeshe kidogo. Wiki iliyopita Chacha alikuja akaniuliza unaondoka lini. Nikadhani anataka kukupa nauli. Akasema ukishatoka atapangisha vyumba vyake kwa mwalimu mmoja aliyehamishiwa pale sekondari. Vyumba vyake. Nikacheka, nikijua anatania. Hakuwa anatania.

"Wewe si ulisema mwenyewe?" akaniambia. "Na mthamini akaandika. Na mahakama ikasoma. Mimi sina ninachodai, mura, nachukua kilichoandikwa."

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Nilikwenda kitandani nikijua alichokijua mama yako siku ile, na sikuwa na mtu wa kumwambia, kwa sababu kila ambaye ningemwambia angeniuliza huo ukuta aliujenga nani.

Leo asubuhi ulipoondoka nikaleta nyundo. Nilianza na kalenda, nikaitoa. Nyuma yake, pale nilipopaacha bila kupaka kwa kuwa kalenda ingepafunika, plasta ilikuwa bado safi, mraba mzuri, mahali pekee ambapo ukuta ulikuwa unasema umri wake. Mthamini aliinua kurasa tu, hakuitoa kalenda yenyewe. Miaka saba jibu lilikuwa pale, limening'inia kwenye msumari wangu.

Chacha alisikia kishindo akaja anakimbia, shati halijafungwa.

"Unabomoa nyumba yangu?"

"Nafungua mlango," nikamwambia.

"Hapo hapajawahi kuwa na mlango. Nenda kasome karatasi." Akanisogelea. "Na kama unataka kubishana, binti yako alishasema. Tena mbele ya mama yake. Au unataka tumuite Ghati aseme alidanganya?"

Nilikuwa nimeinua nyundo, na nisikufiche, kwa nukta moja sikujua itashukia wapi. Halafu nikasikia alichokisema. Yale yale ya benchi la barazani. Nafasi ile ile aliyopewa mama yako, imeletwa kwangu miaka saba baadaye na ndugu yangu wa tumbo moja. Nikimwita mwanangu aseme, napata vyumba. Mama yako alikuwa na haki ya kukuita na hakukuita. Mimi sina haki, na bado, Ghati, niliwaza. Nilisimama nikawaza, labda kwa muda wa kuvuta pumzi tatu. Ndivyo nilivyo.

Kisha nikamwambia, "Chukua vyumba. Mlete mwalimu wako kesho kutwa." Nikaendelea kugonga mpaka akaondoka.

Nimebomoa mpaka chini. Sasa ukikaa hapa unaona kitanda chako. Nilitaka nipachike mlango ule ule wa zamani kabla hujarudi, Chacha alikuwa ameutumia kwenye banda la mbuzi, nikaufuata na nikauchukua bila kumuuliza. Lakini fremu imeliwa na mchwa. Nje ilionekana nzima, nilipoigusa kidole kikaingia. Bawaba hazina pa kushika. Kwa hiyo utakuta ni tundu tu, lenye kingo mbovu, fundi mzima nimeshindwa kupachika mlango nyumbani kwangu. Leo usizunguke. Pita hapo hapo, angalia tu usikwaruzwe na matofali.

Utakuwa muuguzi. Kuna siku mtu mkubwa, anayekupenda labda, atakuomba uandike saa nne jambo lililofanyika saa sita. Atachuchumaa karibu yako na atasema kwa upole. Sikupi fundisho, mimi ni nani nimpe mtu fundisho. Nakuambia tu kwamba mimi nilipochuchumaa nilikuwa na sauti nzuri sana siku ile.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi nyingine niliyoiandika kabla ya hii. Nimeeleza nani alifyatua matofali ya nyuma, nani aliyachoma, nani alijenga ukuta na kwa siku ngapi, na nani alikufundisha la kusema. Nimeweka saini na dole gumba, maana saini yangu peke yake hata mimi siiamini. Ni ya mama yako. Kama kuna mtu wa kumdai Chacha vyumba vile, ni yeye, mimi sidai kitu. Karatasi hiyo akitaka kuwashia jiko, awashie. Lakini asikuite wewe, na najua hatakuita.

Kesho utafika Mugumu mapema, basi litakuwa bado linangoja abiria. Mzee Hamisi hufungua asubuhi na mama yako huwa ameshakaa. Pita kwa mbele. Hujui utamwambia nini, najua. Utasimama pale na begi lako, ukitamani mtu akupe maneno. Mimi sikupi. Nilishakupa mara moja.

Baba yako,
Marwa